Ramani ya Miisho Tisa

Nyumba ya fundi vioo ilikuwa na utaratibu wake. Watoto wakirudi shuleni walivua sare, wakala, wakaosha sahani zao, kisha wakavaa viatu vinavyofunika vidole. Bila viatu hivyo hakuna aliyeruhusiwa kupita, kwa sababu njia ya kwenda chumba cha nyuma ilikatiza katikati ya karakana ya mama. Kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, vioo vilivyoegemezwa ukutani na karatasi katikati yake ili visikwaruzane, na pembeni pipa la bati lililojaa vipande vilivyovunjika. Kwenye pipa hilo mama alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu maneno mawili tu: MKONO HAPANA.

Chumba cha nyuma kilikuwa na kompyuta. Mjomba wao alipopewa mpya kazini, aliwaletea ile ya zamani, nzito, yenye kunguruma kama friji bovu. Kila mtoto alikuwa na nusu saa yake, na saa ya ukutani ndiyo iliyokuwa hakimu.

Mkubwa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mwalimu. Mtaani kote aliitwa Kiberiti. Baba yao, dereva wa magari ya mizigo ambaye alionekana nyumbani wiki moja tu kwa mwezi, ndiye aliyembandika jina hilo siku alipomkuta akiupiga mlango mateke eti umembana kidole. Mdogo wake, mvulana wa miaka tisa, aliitwa Mzee. Alisema kidogo na polepole, na kabla ya kujibu swali lolote alikuna kidevu kama mtu mwenye ndevu za siku tatu.

Mchezo uliowateka uliitwa Barua ya Bondeni. Ndani yake kulikuwa na msichana tarishi aliyebeba barua iliyofungwa kwa lakiri, na kazi yake ilikuwa kuifikisha mji wa ng'ambo. Njiani alikutana na watu, watu wakamuuliza maswali, na wewe mchezaji ndiye uliyechagua ajibu nini. Jibu hili lilikupeleka huku, jibu lile lilikupeleka kule. Hadithi ilikuwa na miisho tisa. Barua iliweza kufika, kuungua, kuibwa, au kufunguliwa na tarishi mwenyewe.

Kiberiti alikuwa ameona miisho minane. Darasa lake la sita zima lilijua, maana hakuacha kuwakumbusha. Mbinu yake ilikuwa moja. Alihifadhi mchezo kwenye njia panda ya mwisho, akachagua jibu, akautazama mwisho, akarudi palepale na kuchagua jibu lingine. Mazungumzo ya watu wa njiani aliyaruka kwa kubonyeza kitufe tap-tap-tap, bila kusoma hata mstari.

Mzee alicheza kinyume chake kabisa. Kila mara alianza mwanzo. Alisoma kila neno, akawasikiliza wote, hata mlinzi wa daraja wa sura ya kwanza, bibi mwenye ufunguo kiunoni ambaye Kiberiti alimwona kero tupu.

"Unacheza kama mtu anayesoma maandishi ya kwenye dawa," Kiberiti alimwambia siku moja.

Mzee akakuna kidevu. "Maandishi ya kwenye dawa ni ya kusomwa, Dada."

Na kila alichokisoma alikichora. Mama alimpa zile karatasi za katikati ya vioo, pana na za kijivujivu, naye akaziunganisha moja baada ya nyingine mpaka zikawa ramani ndefu kama kitanda. Kushoto ulikuwa mwanzo, daraja na bibi yake. Kulia ilikuwa miisho mitano aliyoifikia kwa miguu yake mwenyewe, kama alivyopenda kusema. Katikati kulikuwa na njia, mishale na maneno ya watu. Miezi minne alikuwa akiichora.

Ramani hiyo haikuwa ya mchezo tu. Mzee hakuwahi kunyoosha mkono darasani tangu aanze shule. Aliposimamishwa, sauti ilimkauka na wenzake wakacheka. Mwalimu wa darasa la nne alikuwa akimbakiza kila Jumanne kumfundisha kusoma kwa sauti, na sasa alikuwa amemwambia, "Ijumaa utasimama mbele utueleze kitu kimoja unachokijua kuliko sisi wote." Mzee alikuna kidevu siku mbili nzima, kisha akasema ataeleza ramani. Akiwa na ramani mkononi, alisema, atakuwa na pa kutazama.

*

Jumatano Kiberiti aliiwasha kompyuta akiwa na furaha zake. Mchezo ulikuwa na nafasi tatu za kuhifadhi. Ya kwanza ilikuwa yake, ya pili ya Mzee, ya tatu ya Domo, mtoto wa msusi wa ng'ambo ya barabara, ambaye alisoma darasa moja na Mzee na hakujua kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni.

Akafungua nafasi ya kwanza. Badala ya njia panda ya mwisho na alama zake nane, moja kwa kila mwisho aliouona, akamwona tarishi amesimama kwenye daraja, sura ya kwanza, na skafu nyekundu shingoni. Skafu nyekundu! Yeye siku zote alichagua ya bluu. Nyekundu ilikuwa ya Mzee.

Akatoka, akafungua tena. Tarishi yuleyule, skafu ileile. Alama nane zilikuwa zimefutika.

Hasira ikampanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Wiki ngapi! Jioni ngapi! Na yule kobe, yule mchezaji wa sura ya kwanza, amekuja kuketi juu ya kazi yake na kuhifadhi mambo yake ya daraja!

"Mzee!" alipiga kelele. "Mzee, uko wapi?"

Hakujibiwa. Mama alikuwa amemtuma dukani kununua puti ya kubandikia vioo, na mama mwenyewe alikuwa nje na mteja, wakipima dirisha. Domo alikuwa amepita dakika chache kabla, akasema maneno mia moja mlangoni na kuondoka. Chumbani alikuwepo Kiberiti peke yake, na juu ya kabati ilikuwepo ramani, imeviringishwa vizuri na kufungwa kwa uzi.

Hakufikiri. Ukweli ni huo, na hadithi hii haitamtetea. Aliivuta chini, akakata uzi kwa meno, akaikamata ncha ya kulia, ile ya miisho, akairarua. Karatasi ya vioo ni ngumu, hairaruki kwa mkono mmoja, kwa hiyo akaikanyaga na kuivuta. Akararua mwisho wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka nusu nzima ya ramani ikawa vipande. Halafu, alipousikia mlango wa nje, akashtuka. Akavikumbatia vipande, akakimbilia karakana na kuvisukuma ndani ya pipa la bati, chini kabisa ya vioo. Akautoa mkono haraka. Kwa bahati tu haukukatika.

Mzee aliingia na puti yake. Akapita hadi chumbani. Halafu ikasikika sauti ambayo hawakuizoea katika nyumba ile, sauti ya Mzee akilia kwa nguvu.

Mama akaja mbio. Akaiona nusu ya ramani sakafuni. Akafuata chembe za karatasi mpaka kwenye pipa, akainama, akaiona ncha ya kijivu ikichungulia katikati ya vioo, na uso wake ukabadilika.

"Nani ametia mkono humu?" Hakupaza sauti, na hapo ndipo alipotisha. "Nauliza. Nani ametia mkono kwenye pipa langu?"

Kiberiti alifungua kinywa. Ukweli ulikuwa palepale kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikuwa amemzoea tarishi wake, ambaye kila akiulizwa swali la hatari alichagua jibu la kumvusha haraka. Naye akachagua.

"Domo," alisema. "Alipita hapa sasa hivi."

Mama hakungoja la pili. Alivuka barabara na aproni yake kiunoni. Barazani kwa msusi walikuwa wamekaa wanawake watatu, wawili wakingoja na mmoja nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Domo alikuwa akiwapasulia stori.

"Jirani, mtoto wako ameingia kwangu, amechana kazi ya mwanangu ya miezi minne, amekwenda kuchomeka mkono kwenye pipa la vioo!" mama alisema mbele ya wote. "Angekatika mshipa ungeniambia nini? Asikanyage tena karakana yangu."

"Mimi?" Domo aliruka. "Sikugusa kitu! Naapa! Mama, sikugusa!"

"Nyamaza!" msusi alifoka, uso umemwiva kwa aibu. "Kila siku mdomo, kila siku mdomo! Ingia ndani!"

Yule wa nusu kichwa akatikisa ile nusu iliyosukwa. "Watoto wa siku hizi," alisema.

Na Domo, mwenye maneno mia moja, akaingia ndani bila hata moja.

*

Alhamisi Kiberiti alirudi shuleni amenuna. Hasira yake ilikuwa bado na joto, na aliilinda isipoe, kwa sababu chini yake alihisi kitu kingine asichotaka kukitazama. Mzee alikuwa chumbani, ametandaza nusu iliyobaki ya ramani, akiitazama tu. Mama alikuwa ameokoa baadhi ya vipande kwa koleo, lakini vioo vilikuwa vimevikata nyuzinyuzi, na wino haukusomeka.

"Kesho utaeleza nini?" Kiberiti aliuliza.

"Sitaeleza," Mzee alisema. "Nimeamua kuumwa."

Kiberiti akageukia kompyuta. Heri aanze upya kuliko kuona uso ule. Akafungua ukurasa wa nafasi tatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasoma maandishi madogo yaliyo chini ya kila nafasi. Siku zote aliyaruka.

Chini ya nafasi ya kwanza paliandikwa: Jumanne, saa kumi na dakika ishirini na mbili.

Jumanne saa kumi Mzee alikuwa shuleni na mwalimu wake, akisoma kwa sauti. Kila Jumanne hakurudi kabla ya saa kumi na moja.

Kiberiti akahisi masikio yanapata moto. Jumanne. Alikuwa amekaa hapahapa. Siku moja kabla alikuwa amemsikia Mzee akimwambia Domo kwamba bibi wa daraja "anakumbuka", naye akatamani kujua anakumbuka nini, kwa sababu huenda ndiyo njia ya mwisho wa tisa. Lakini kumwuliza kobe? Kamwe. Kwa hiyo akafungua nafasi ya Mzee kwa wizi ili achungulie. Mara mama akaita, "Njoo unishikie kioo, upesi, kitanidondoka!" Na yeye, mkono wake mwepesi, akahifadhi bila kutazama, mahali alipozoea kuhifadhi siku zote. Nafasi ya kwanza. Alikuwa amemketisha tarishi wa Mzee juu ya wa kwake, kwa kidole chake mwenyewe.

Hasira haikumtoka. Iligeuka tu na kumtazama yeye. Alijichukia mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa nguvu kama anayefuta ubao. Kisha akaanza kupiga hesabu za kikiberiti. Hakuna aliyejua. Angeweza kuifuta ile nafasi sasa hivi na maandishi yake madogo yakapotea. Angemnunulia Mzee daftari zuri. Domo angesahau, Domo ana kichwa chepesi. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nyuma yake Mzee alipenga kamasi.

Kiberiti akaondoa kidole. "Mzee," alisema, na sauti ikatoka nyembamba isiyo yake. "Ni mimi."

Mzee alikuna kidevu. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni wewe. Domo angechana kuanzia mwanzo, maana ukiifungua ramani huo ndio unaotokea kwanza. Aliyechana ameanzia kwenye miisho. Hakuna mwingine anayeanzia kwenye miisho."

"Sasa kwa nini hukusema?" Kiberiti alipandwa tena, hakuweza kujizuia. "Jana Domo anatukanwa, wewe umenyamaza tu kama gogo!"

Hapo Mzee akainuka, na kwa mara ya kwanza Kiberiti akamwona mdogo wake amekasirika. Ngumi alikuwa amezikaza.

"Kwa sababu huwa siwezi kusema!" alipiga kelele. "Mama alipotoka nilikuwa nataka kusema, sauti ikakauka! Wewe sauti unayo! Sauti unayo, na umeitumia kusema Domo!"

Kiberiti akainuka, akaelekea karakana.

*

Mama alikuwa akikata kioo. Mtu anayekata kioo hasemeshwi, hilo hata wateja walilijua. Alichovya almasi yake ya kukatia kwenye mafuta, akaegemeza rula, akavuta mstari mmoja bila kusita, kriii, kutoka ukingo hadi ukingo. Akagonga kidogo kwa chini. Kioo kikaachana vipande viwili. Kiberiti alisimama akingoja, na kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko kipigo.

"Sema," mama alisema.

Akasema yote. Alisema juu ya kuchungulia, nafasi ya kwanza, ramani, pipa na Domo. Hakuruka kitu. Mama alimsikiliza bila kumkatiza, akaweka almasi mezani polepole, kama anayeogopa kuirusha.

"Nimekasirika," alisema. "Nataka ulijue hilo. Nimekasirika kwa ramani. Nimekasirika zaidi kwa mkono wako ndani ya pipa. Lakini lile la Domo, mwanangu, lile limenichoma. Umenifanya nikamvunjie heshima mtoto wa watu kwa kinywa changu mimi, mtu mzima. Na mimi mjinga, sikumwuliza yule mtoto hata swali moja! Funga viatu vizuri. Tunakwenda."

"Mama, si nitamwambia Domo kesho shuleni, tukiwa wawili..."

"Ulimsema mbele ya nani?"

Kiberiti akainamisha kichwa.

"Basi tutakwenda palepale."

Barazani kwa msusi palikuwa na wateja wawili. Mmoja alikuwa mgeni. Wa pili alikuwa yuleyule wa jana, amerudi kulalamika kwamba nywele zimebana mno, kope haziwezi hata kufumba. Domo alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amewapa mgongo.

"Shikamooni," Kiberiti alisema.

"Marahaba," walijibu, bila utamu wowote.

"Jirani," mama alianza, "jana nilikuja hapa kumsema mwanao. Nilikosea. Sikuuliza, nilikuja nimewaka tu. Nisamehe, na yeye anisamehe. Aliyefanya yale ni huyu wangu, na atasema mwenyewe."

Kiberiti akasema. Alipofika kwenye neno "nilidanganya" alilimeza nusu, akalisema tena kwa sauti ili na yule mgeni asikie. Msusi alibaki na kitana hewani. Halafu uso ukamwiva tena, safari hii si kwa aibu.

"Jana nimemfungia mwanangu ndani kwa ajili yako," alisema. "Amelala hajala. Umenisikia? Hajala!"

"Nimesikia, Mama Domo. Nisamehe."

"Usiniombe mimi kwanza."

Kiberiti akageukia kizingiti. "Domo, nisamehe. Niliona hasira, nika..."

"Kila mtu darasani ameniita mharibifu," Domo alisema bila kugeuka. "Leo nzima. Hata wale wadogo. Utawarudia wote?"

"Nitawarudia. Kesho, mapumziko, nitasimama."

"Na jana yangu utanirudishia?"

Swali hilo lilimpata Kiberiti pasipo na ngao. Kwenye mchezo angebonyeza, daraja lingerudi, bibi angesahau, kila mtu angesahau. Hapa alimwona Domo na mgongo wake mdogo uliokaza, akatambua kwamba hapakuwa na kitufe.

"Siwezi," alisema.

Domo akageuza kichwa nusu. "Angalau hujadanganya," alisema. Hakusema amesamehe, na hakuna aliyemlazimisha aseme.

*

Waliporudi mama aliweka rundo la karatasi mpya za vioo mezani. "Mna mpaka taa za barabarani ziwake," alisema, akarudi kazini.

"Mimi naijua miisho minane," Kiberiti alimwambia Mzee. "Nitaitaja, wewe uandike."

Mzee akainoa penseli. "Wa kwanza."

"Barua inaungua na nyumba ya mfinyanzi."

"Kwa nini inaungua?"

Kiberiti akafungua kinywa, akakifumba. "Sijui. Nilibonyeza jibu la pili ikaungua."

"Wa pili?"

"Mwizi anakuwa rafiki yake."

"Kwa nini?"

"Mzee, mimi sijui mambo ya kwa nini!" alifoka, kisha akajisikia anavyosema, na aibu ikamshika. Miisho minane ya kujisifia, na hakujua hata mmoja ulianzia wapi. Alikuwa kama mtu aliyeingia nyumba nane kwa dirisha na kutoka kwa dirisha hilohilo.

Mzee hakumcheka. Akaivuta nusu ya zamani ya ramani, akaweka kidole kwa mfinyanzi wa sura ya tatu. "Huyu ukimnyima maji anazima tanuri vibaya. Nadhani ndiyo maana nyumba inaungua." Akavuta mstari mrefu. Kiberiti akakumbuka jambo alilolipita mbio, ndoo iliyomwagika kando ya mlango, akaitaja, nayo ikaingia. Wakaenda hivyo, yeye akitoka miishoni, Mzee akitoka mwanzoni, wakikutana katikati. Waligombana mara nne. Mara moja Kiberiti alikaribia kuipiga meza teke, akazunguka chumba badala yake. Taa za barabarani zilipowaka, ramani ilikuwa na miisho minane yenye njia zake zote, na kisanduku kimoja kitupu.

"Na huu wa tisa?" Kiberiti aliuliza.

"Bibi wa daraja anauliza umebeba nini. Wewe unajibuje?"

"Nguo. Kila mtu anajibu nguo, ndiyo inavusha haraka."

"Mimi nilijibu barua. Akanifungia kwenye kituo chake cha daraja, sura nzima, nimekaa tu. Lakini baadaye watu wanasema bibi anaulizia habari zangu." Mzee akachora kutoka darajani mstari wa nukta hadi kisanduku kitupu. "Sijafika. Nadhani anakumbuka nilivyomwambia."

*

Ijumaa, wakati wa mapumziko, Kiberiti alisimama mbele ya darasa la nne na kusema alichokuja kusema. Wengine walimzomea. Alisimama mpaka wakamaliza. Masikio yalimwaka siku nzima.

Ya Mzee hakuyaona kwa macho, maana alikuwa darasani kwake. Aliyasikia jioni. Yeye na Mzee walikuwa wakimsaidia mama kuviringisha karatasi, mara pakatokea kivuli mlangoni. Domo alisimama nje, viatu vya kufunika vidole miguuni, hakuvuka kizingiti.

"Mama yangu ameniambia nije kama nataka," alisema. "Nimetaka kidogo."

"Karibu, baba," mama alisema. "Hapa ni kwako."

Domo akaingia, na maneno yake mia moja yakaingia naye. "Mzee alisimama pale akatetemeka, nikasema leo tumekwisha! Halafu akaweka kidole kwenye daraja, akaanza kusoma. Taratibu, taratibu! Hakuna aliyecheka. Kufika kwa mfinyanzi watu wamesimama juu ya madawati! Mwalimu akauliza, na hiki kisanduku kitupu? Mzee akamwambia, hicho ni cha mtu atakayekubali kuanza upya."

Mzee akakuna kidevu, lakini kidevu kilikuwa kikitabasamu.

Mama akafuta mikono kwenye aproni. Akawatazama wote watatu, akamalizia kwa binti yake.

"Sikilizeni, mimi huo mchezo wenu siuelewi, ila nimewasikia wiki nzima. Humo mtu akikosea anarudi nyuma na wenzake wote wanasahau. Ni raha, sikatai. Sisi hatusahau. Domo anakumbuka, mama yake anakumbuka, mimi nakumbuka. Kwa hiyo ukisema uongo ili uvuke haraka, Kiberiti, hujavuka. Umeacha mtu nyuma yako amebeba mzigo wako. Na ukikosea, usitafute pa kufutia. Mrudie yuleyule, mahali palepale, umwambie ukweli huku akikutazama na hasira zake. Kufanya hivyo ni kazi ngumu. Juzi uliikimbia, jana umeifanya. Hasira utakuwa nazo, umezirithi kwangu, lakini zikikupanda, zuia mkono, na ulimi uuzuie zaidi."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukitia tena mkono kwenye pipa langu, hiyo kompyuta nitaikata vipande kwa almasi."

Domo ndiye aliyecheka wa kwanza.

Ilikuwa nusu saa ya Kiberiti. Aliketi, akafungua nafasi ya kwanza, akaifuta, akaanza mwanzo. Domo alivuta kiti upande wa kushoto, si karibu sana. Tarishi akashuka mlima akiwa na skafu ya bluu. Darajani, bibi mwenye ufunguo kiunoni akainuka. Kiberiti hakubonyeza kuruka. Alisoma kila neno kwa sauti, polepole, mpaka kwenye swali.

Umebeba nini?

Majibu mawili yakatokea. Kiberiti akachagua la ukweli. Bibi akakasirika, akamfungia tarishi ndani ya kituo, na kioo cha kompyuta kikawa na chumba kimoja kitupu na dirisha dogo.

"Sura nzima hivi," Mzee alimkumbusha.

"Najua," Kiberiti alisema, akaondoa mkono kwenye vitufe na kuuweka magotini. "Tunangoja."

Domo akasogeza kiti chake karibu kidogo.